Moi: mwalimu aliyeifanya nchi darasa

Mwaka 1992 nilikuwa darasa la nane katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Nakuru. Siku moja tuliandika insha juu ya faida za amani, nami nikaifunga insha yangu kwa msemo ambao kila mtoto wa nchi hii aliujua: "Siasa mbaya, maisha mbaya." Ulikuwa msemo wa Rais, na nilitumaini ungenipatia alama za ziada. Daftari liliporudi, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ameyasahihisha makosa yangu yote kwa wino mwekundu, kama ilivyokuwa desturi yake, isipokuwa kosa moja. Chini ya neno "mbaya" la pili palikuwa na mstari mwembamba wa penseli. Nilipomwendea kumwuliza, alitazama dirishani kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Katika mtihani, mwanangu, andika maisha mabaya." Hakuongeza neno.

Walimu wa lugha hawahitaji maelezo. Siasa huweza kuwa mbaya, lakini maisha huwa mabaya. Ndivyo upatanisho wa ngeli unavyodai. Mwalimu wangu aliijua kanuni hiyo vyema, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kuifundisha. Hata hivyo, hakuthubutu kuipigia kauli ya mkuu wa nchi mstari mwekundu katika daftari la mtoto.

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi tangu siku ile, na kila nitakapo kuueleza utawala wa Daniel arap Moi kwa vijana waliozaliwa baada yake, huanzia kwenye mstari ule wa penseli. Desturi zetu hutukataza kumsema marehemu vibaya. Ni desturi njema, lakini historia si matanga. Nia yangu hapa si kumtukana Mzee Moi wala kumsifu kupita kiasi. Nataka kutoa hoja moja tu, ambayo nadhani inawahusu walimu na wanafunzi kuliko watu wengine wote: kwamba Moi hakuacha kamwe kuwa mwalimu wa shule. Mema yake makubwa yalikuwa mema ya mwalimu, na mabaya yake makubwa yalikuwa mabaya ya mwalimu asiyetaka kuulizwa swali.

Alizaliwa tarehe 2 Septemba 1924 huko Kuriengwo, Sacho, katika milima ya Baringo, akapewa jina la Toroitich, jina linalohusishwa na kuikaribisha mifugo inaporejea nyumbani. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Alisoma katika shule za wamisheni wa African Inland Mission, kisha Kapsabet, na baadaye akapata mafunzo ya ualimu Tambach. Kwa muda wa miaka tisa hivi, hadi 1955, kazi yake ilikuwa chaki na ubao. Mwaka huo wa 1955 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kuijaza nafasi ya John ole Tameno, na mwaka 1957 akawa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, pamoja na akina Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Masinde Muliro. Tangu hapo hakutoka tena katika siasa hadi 2002.

Bonde la Ufa la kati ndilo lililokuwa ngome yake, na Nakuru ndiyo iliyokuwa makao yake. Chama cha KADU kilipoundwa mwaka 1960 kutetea jamii ndogo ndogo na mfumo wa majimbo, Moi alikuwa mwenyekiti wake. Jimbo la Bonde la Ufa lilipopata baraza lake mwaka 1963, yeye ndiye aliyeliongoza. KADU ikavunjwa 1964, naye akaingia KANU, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Januari 1967 akateuliwa kuwa Makamu wa Rais baada ya Joseph Murumbi kuondoka. Kwa zaidi ya miaka 11 alikaa nyuma ya Mzee Jomo Kenyatta kimya, mtiifu, akisikiliza. Wengi walimdharau kwa unyenyekevu huo.

Dharau hiyo ilidhihirika mwaka 1976, na ilidhihirika hapa hapa Nakuru. Mwezi wa Septemba wanasiasa mashuhuri, Kihika Kimani akiwa mstari wa mbele, walifanya mkutano mkubwa mjini humu kudai katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka kwa siku 90 Rais akifariki. Hakutajwa mtu, lakini kila mtu alijua aliyelengwa. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, aliwanyamazisha Oktoba mwaka huo huo kwa kuwakumbusha kwamba ni kosa la jinai kuwaza na kuzungumzia kifo cha Rais. Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Moi alitoka Kabarak akaenda Nairobi na kuapishwa siku hiyo hiyo. Mwanafunzi mtiifu akawa mwalimu mkuu.

Tuanze na mema yake, kwa maana hayo ndiyo yaliyonilea. Tarehe 12 Desemba 1978 aliwaachilia wafungwa wote wa kisiasa waliokuwa kizuizini, akiwemo mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na wabunge Jean-Marie Seroney na Martin Shikuku. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba kila mtoto wa shule ya msingi apewe maziwa bure. Msomaji aliyekunywa maziwa ya Nyayo hahitaji kukumbushwa zile paketi za pembe tatu, wala jinsi tulivyozitoboa kwa meno. Kuna wenzangu waliokuja shuleni siku za maziwa tu. Atakayeyacheka maziwa hayo leo, basi huyo hakuwahi kusoma akiwa na njaa.

Kisha kuna elimu yenyewe. Chuo Kikuu cha Moi kiliundwa 1984 kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981. Egerton, iliyokuwa imeanza Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu kamili 1987. Mtoto wa Baringo, Molo au Bomet aliweza sasa kuvaa joho bila kwenda ng'ambo. Na kwa sisi tulao kwa jasho la Kiswahili, mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikuwa mapinduzi. Kabla yake mtoto aliweza kumaliza shule ya msingi bila kutahiniwa katika Kiswahili; baada yake somo hilo likawa la lazima na la kutahiniwa, na hivyo likapata vitabu, walimu na heshima. Bila uamuzi huo huenda nisingekuwa na kazi niliyo nayo, na huenda gazeti hili lisingekuwa na nusu ya wasomaji wake.

Hayo yote ni kazi ya mwalimu mwema: kulisha, kujenga, kufundisha. Lakini darasa lina upande mwingine. Mwalimu husema, wanafunzi huitikia. Mwalimu huketi mbele, wanafunzi hupanga mstari. Mwalimu hushika fimbo. Yafaa kwa mtoto wa miaka saba, pengine. Je, yafaa kwa raia?

Tulichunguze neno "nyayo" lenyewe. Moi alipoingia madarakani alisema kwamba angefuata nyayo za Mzee Kenyatta. Katika sentensi hiyo, nyayo ni za mtu mwingine, naye anayesema ni mfuasi. Haukupita muda neno likahama. Nyayo zikawa zake, kisha Nyayo akawa yeye mwenyewe. Nomino ya kawaida iligeuka nomino ya pekee, ikapachikwa kwenye uwanja wa michezo, jumba la serikali, mabasi, mashamba ya chai, hata gari lililoundwa nchini mwaka 1990. Aliyeahidi kufuata akawa wa kufuatwa. Na Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, alilieleza jambo hilo bila kuficha: aliwataka mawaziri na watu wengine wote waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama alivyouimba yeye wa Kenyatta. Mwalimu yeyote anaufahamu mtindo huo. Ndio ule wa "semeni nyote pamoja".

Ichunguzeni pia taarifa ya habari ya saa saba mchana ya miaka hiyo. Ilianza kwa maneno "Mtukufu Rais" karibu kila siku. Alikuwa amefungua, ameonya, amehimiza, ameteua, amefuta. Katika sarufi tunasema kwamba sentensi ina kiima, yaani mtenda, na yambwa, yaani mtendwa. Kwa miaka 24 kiima cha habari za Kenya kilikuwa kimoja, na wananchi walikuwa yambwa. Waziri alijua kupitia redio kwamba hana kazi tena. Katika sikukuu za taifa Rais alisoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha akaiweka kando na kuzungumza Kiswahili bila kusoma; na ni katika Kiswahili hicho ndimo amri zenye uzito ziliposhuka. Lugha tuliyoipenda ikawa lugha ya kusikilizwa kwa hofu.

Kila asubuhi tulisimama gwarideni tukakariri kiapo cha utii kwa Rais. Mwaka 1988 taifa zima lilipangwa gwaride. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU kura ya siri iliwekwa kando, wapigaji kura wakatakiwa kusimama nyuma ya wagombea mbele ya macho ya chifu na mwajiri. "Mlolongo" lilikuwa neno lisilo na hatia kabla ya hapo. Baada ya milolongo mifupi kutangazwa mirefu, likawa jina la wizi wa kura, na hivyo ndivyo linavyokumbukwa mpaka leo. Wabunge walionung'unika waliitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chama. Nidhamu! Hata neno hilo lilitoka shuleni.

Hapa ndipo inapotupasa sisi wa lugha na fasihi kusema kweli yote. Utawala uliokiinua Kiswahili mashuleni uliwatia kizuizini baadhi ya wale waliokiandika vyema zaidi. Mwaka 1982, mwaka ambao katiba ilibadilishwa ili KANU iwe chama pekee kwa mujibu wa sheria, na mwaka wa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti, wahadhiri kadhaa walikamatwa. Miongoni mwao alikuwamo mwanaisimu Alamin Mazrui, aliyekuwa ameandika tamthilia ya Kilio cha Haki. Mashairi aliyoyatunga kizuizini yalitoka baadaye, mwaka 1988, katika diwani ya Chembe cha Moyo. Katama Mkangi, mwandishi wa riwaya ya Mafuta, aliwekwa kizuizini 1986, katika msako wa waliotuhumiwa kuwa wanachama wa Mwakenya. Wengine walipelekwa kwenye vyumba vilivyokuwa chini ya Nyayo House jijini Nairobi, wakasimamishwa majini kwa siku kadhaa. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na serikali imeshindwa mahakamani mara nyingi na waathiriwa wake. Neno lililoahidi amani, upendo na umoja ndilo lililoandikwa juu ya mlango.

Nikirudi kwetu Bonde la Ufa, napaona mahali pachungu zaidi. Moi alikuwa ameonya kwamba vyama vingi vingezua uhasama wa kikabila. Oktoba 1991, kabla hata ya kifungu cha 2A kufutwa, mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, Tinderet. Mwaka 1992 yalienea hadi Molo, Olenguruone na Burnt Forest. Baada ya uchaguzi wa 1997 yaliwaka tena, safari hii Njoro, Januari 1998. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku na, baadaye, tume ya Jaji Akiwumi zilikuta mikono ya wanasiasa na maofisa wa serikali katika maafa hayo. Wafuasi wa Moi husema kwamba alitabiri tu yaliyotokea. Wapinzani wake husema kwamba mtabiri mwenye polisi, machifu na jeshi hana haki ya kuketi akingoja utabiri wake utimie. Mimi naiona hoja ya pili kuwa nzito zaidi.

Nayakumbuka mapigano hayo kwa njia ya darasa. Mwaka ule ule wa insha yangu, madawati yetu yalianza kukaliwa na wanafunzi watatu watatu badala ya wawili. Walikuwa watoto kutoka upande wa Molo, waliohifadhiwa na jamaa zao mjini, wasio na sare wala vitabu. Na maneno yalibadilika. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni katika lugha yetu ni baraka. Katika Bonde la Ufa la miaka ile, "mgeni" likawa neno la kumtisha mtu aliyezaliwa pale pale, na majirani wakaitwa "madoadoa", kitu cha kusafishwa. Tuliyasikia maneno hayo tena 2007, nayo yalileta maafa makubwa zaidi.

Haki inadai tuyaseme na yanayomtetea. Nchi nyingi jirani zetu zilizama katika vita katika miaka hiyo, Kenya haikuzama. Na mwaka 2002 alifanya jambo ambalo watawala wengi wa bara hili walilikataa. Muda wake wa kikatiba uliisha. Akaomba msamaha kwa aliowakosea. Mrithi aliyemchagua, Uhuru Kenyatta, akashindwa. Na tarehe 30 Desemba aliketi Uhuru Park akizomewa na umati na kurushiwa matope, akamkabidhi Mwai Kibaki madaraka, akarudi zake Kabarak. Kengele ililia, mwalimu akatoka darasani. Wangapi hawakutoka?

Alifariki tarehe 4 Februari 2020, akazikwa Kabarak tarehe 12. Siku hiyo nilipanda matatu kutoka mjini Nakuru kwenda huko, mwendo wa kilomita 20 hivi. Ndani ya gari mama mmoja alisimulia habari za maziwa, na abiria wa rika lake wakacheka kwa furaha, kila mmoja akiongeza lake. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango hakucheka. Alipoulizwa kama yeye hakuyanywa, alijibu, "Mimi nilitoka Molo 1992." Gari likanyamaza. Wote wawili walisema kweli, na historia yoyote ya Moi inayomtaja mmoja na kumsahau mwenzake ni historia pungufu.

Nini basi funzo letu? Walimu wenzangu, tabia ya kasuku haikuanzia Ikulu. Huanzia pale tunapouliza "Mmeelewa?" na watoto 50 wakaitikia "Ndiyooo!" nasi tukaridhika. Huanzia chuoni pia, mwanafunzi anaponirudishia katika mtihani maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, nami nikampa alama ya juu. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka 12 kwamba aliye mbele hakosei, ataanza lini kumhoji mbunge wake?

Nami si mtakatifu. Muhula mmoja niliandika ubaoni kwamba kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu. Msichana mmoja wa mwaka wa pili akanyosha mkono. "Na 'mtu' je, mwalimu? Na 'maktaba'?" Darasa likacheka. Nilihisi damu ikinipanda usoni, nikamwambia aketi tuendelee na somo. Usiku ule nilikosa usingizi, maana alikuwa amesema kweli, na hakuna hata mmoja wa wenzake 80 aliyemwunga mkono baada ya kuniona uso wangu. Wote walijua. Wote walinyamaza. Ilinibidi nimkumbuke mwalimu wangu wa darasa la nane akitazama dirishani.

Juma lililofuata niliifuta sentensi yangu mbele yao, nikamwita msichana yule aandike iliyo sahihi. Aliishika chaki kwa woga mwanzoni. Nilimpa ile nyekundu.